Kuchagua Jakuzi la Nyumbani: Maji, Umeme na Fundi Kwanza, Jeti Baadaye

Jakuzi la watu wanne au watano huchukua maji kama lita 1,200. Ni simtanki zima la lita 1,000 na ndoo kumi za lita 20 juu yake. Maji hayo yana uzito wa kilo 1,200 kabla hajaingia mtu, na kuyapandisha joto kutoka nyuzi 20 hadi 38 kunakula uniti 25 za umeme. Tena hayamwagwi jioni kama maji ya kuoga. Yanakaa humo wiki sita hadi kumi, yakichujwa kila siku na kutiwa dawa. Majakuzi mengi yanayoishia kuwa mapipa ya maji ya kijani nyuma ya nyumba yalinunuliwa kwa kuangalia picha na kuhesabu jeti, yaani matundu yanayorusha maji kwa nguvu, bila mtu kuuliza maji yatatoka wapi, umeme utatosha vipi, na likikorofisha nani atalifungua. Mwongozo huu unaanza na maswali hayo.

Neno lenyewe ni jina la ukoo. Ndugu wa Jacuzzi walikuwa Waitaliano waliohamia California. Mwaka 1956 Candido Jacuzzi alitengeneza pampu ya kuzamishwa ndani ya beseni la kuogea kwa ajili ya mwanawe aliyesumbuliwa na baridi yabisi, na mwaka 1968 Roy Jacuzzi akatoa beseni lililojengewa jeti zake. Leo ukienda dukani ukasema "nataka jakuzi", muuzaji anaweza kukuonyesha vitu vinne au vitano visivyofanana hata kidogo.

Hatua ya 1: Amua ni jakuzi la aina gani

Beseni la bafuni lenye jeti. Hili unalijaza, unaoga, unalimwaga. Huchukua lita 200 hadi 300, halihitaji dawa ya kila siku, na kwa nyumba nyingi za mjini ndilo chaguo la busara. Shida yake kubwa ni maji ya moto. Tuseme unataka lita 250 kwenye nyuzi 38, maji ya bomba yana nyuzi 22, na boila lako linatoa maji ya nyuzi 60. Utahitaji kama lita 105 za maji ya moto na zilizobaki za baridi. Boila la lita 50 litaisha kabla beseni halijafika nusu, kwa hiyo chukua la lita 120 au hita ya jua ya lita 150 na kuendelea. Hita ndogo ya papo kwa papo inayofungwa kwenye bomba la mvua, ile ya kilowati 5, itatoa kama lita nne na nusu kwa dakika kwa joto hilo. Utakaa karibu saa nzima ukisubiri, na maji ya mwanzo yatakuwa yamepoa.

Kuna kosa moja linalojirudia kwenye mabeseni haya, na linauma kwa sababu ni rahisi kulizuia. Fundi wa vigae anapofika hujenga ukuta mfupi mbele ya beseni na kuufunika wote kwa vigae, pampu ikabaki imezikwa ndani. Miaka miwili baadaye sili ya pampu inavuja, na hakuna njia ya kuifikia ila kuvunja. Mwambie fundi mapema aache kilango cha sentimita 45 kwa 45 upande ilipo pampu, kisha aweke kigae cha sumaku au kifuniko cha plastiki. Hakikisha pia pampu inapata hewa, maana ikifungiwa kabisa hupata joto na kujizima.

Jakuzi la akriliki linalojitegemea. Ndilo lile la mraba lenye kabati pembeni, pampu, hita na kompyuta yake ndani. Huchukua lita 800 hadi 1,600. Sehemu kubwa ya mwongozo huu inalihusu hili.

Jakuzi la kupuliza. Bei yake ni ndogo, hujazwa hewa kwa dakika chache, na huchomekwa kwenye soketi ya kawaida ya pini tatu. Hita yake huwa kama kilowati 2. Mapovu yake yanatoka kwenye kipulizo cha hewa, hivyo usitegemee ile nguvu ya maji inayokanda mgongo. Jua letu kali hulichakaza, na mwiba mmoja unatosha kulitoboa. Ni zuri kwa mtu anayetaka kujaribu kwanza kama familia italitumia kweli.

Pipa la mbao lenye jiko la kuni. Kwa Njombe, Makete, Limuru, Kabale au popote penye baridi na umeme wa kusuasua, usilidharau. Lita 1,200 zitahitaji kama kilo 12 hadi 15 za kuni kavu kupata moto. Mbao zikikauka hupasuka na kuvuja, kwa hiyo pipa lisikae tupu wiki nyingi. Na jiko lisiwashwe kabla maji hayajalifunika.

La kujengwa kwa zege na vigae. Hili linafaa nyumba za wageni na nyumba zenye bwawa. Humeza joto, hugharimu sana, na likivuja unabomoa. Kama huna fundi wa mabwawa anayeaminika, liache.

Hatua ya 2: Pima maji yako kabla ya kupima mfuko wako

Chukua ndoo nyeupe, ijaze maji unayokusudia kutumia, tia nusu kijiko cha chai cha klorini ya bwawa, koroga, subiri saa moja. Maji yakigeuka rangi ya chai, yana madini ya chuma. Kisima kinaweza kutoa maji maangavu kama kioo, lakini klorini ikiyagusa ile chuma inapata kutu na kujitokeza. Ukiyamwaga hivyo hivyo kwenye jakuzi jipya utapata madoa ya kahawia kwenye viti na chujio lililoziba siku ya kwanza. Dawa yake ni kuyatia klorini yakiwa kwenye tangi, kuyaacha yatulie siku nzima, kisha kuchota ya juu tu. La sivyo, nunua maji ya boza.

Ukanda wa pwani una mambo mawili zaidi. Visima vingi vya Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar vina chumvi. Kama unaionja ulimini, usijaze jakuzi kwa maji hayo, kwani chumvi hutoboa koili ya hita hata iwe ya chuma kisichoshika kutu. Pili, maji yanayotoka kwenye miamba ya matumbawe ni magumu, na huacha ule ukoko mweupe unaouona ndani ya birika. Ukoko huo ukikaa juu ya koili, hita hula umeme uleule na kutoa joto kidogo hadi inaungua. Tafuta vijiti vya kupimia maji. Ugumu wa kalisi unaofaa ni miligramu 150 hadi 250 kwa lita. Maji ya mvua nayo yana upungufu wa kalisi, hutoa povu na hula sehemu za chuma. Yachanganye na ya bomba.

Jiulize pia utabadilisha maji mara ngapi. Hesabu rahisi ni hii: chukua lita za jakuzi, gawanya kwa 12, kisha gawanya kwa idadi ya watu wanaoingia kwa siku. Lita 1,200 kwa watu wawili kila siku ni siku 50. Kama mtaa wako unapata maji mara moja kwa wiki na tangi lako ni la lita 1,000, jakuzi la watu sita litageuka ugomvi ndani ya nyumba.

Hatua ya 3: Mahali pa kuliweka

Uzito wa jakuzi la watu watano: maji kilo 1,200, chombo kilo 300, watu kilo 375. Jumla ni kilo 1,875. Likiwa na mita 2 kwa 2, kila mita ya mraba inabeba karibu kilo 470. Sakafu za juu za nyumba za kuishi kwa kawaida hupigiwa hesabu ya kubeba kilo 150 hadi 200 kwa mita ya mraba. Kwa hiyo usiliweke roshani wala juu ya paa la zege kabla mhandisi wa majengo hajasoma michoro ya nondo na kukuandikia kwamba inafaa. Kauli ya fundi kwamba "hii slabu ni ngumu" haitoshi.

Ardhini kazi ni nyepesi. Kwa jakuzi la mita 2 hadi 2.2, mwaga jamvi la mita 2.4 kwa 2.4, unene sentimita 12. Toa udongo wa juu wenye mizizi, panga mawe, shindilia, weka nailoni, tandaza wavu wa BRC ukiwa umeinuliwa kidogo usilale chini kabisa, kisha mwaga zege la uwiano wa 1:2:4. Vifaa vyake ni mifuko 5 ya saruji ya kilo 50, toroli 5 au 6 za mchanga na toroli 11 za kokoto. Limwagilie maji siku saba na uliache wiki nne kabla ya kuweka mzigo. Usawa ni jambo la lazima. Tofauti kati ya pembe na pembe isizidi milimita 5, maana jakuzi likiinama, upande mmoja wa fremu hubeba maji zaidi na viungio vya mabomba huanza kujitenga. Ukitandaza mchanga na matofali ya kupanga tu, mvua ya masika moja itakuonyesha.

Acha nafasi ya sentimita 60 pande zote, hasa upande wa pampu. Pima njia nzima kuanzia getini. Jakuzi hubebwa likiwa limesimamishwa kwa ubavu, hivyo linahitaji upana wa mita 1 na kimo cha mita 2.3 bila tawi, waya wala kona ya ukuta inayozuia. Panga pia maji machafu yatakwenda wapi. Yenye klorini yasimwagwe kwenye bustani ya mboga siku hiyo hiyo. Acha mfuniko wazi siku mbili tatu bila kutia dawa, kisha mwaga.

Halafu kuna wageni wasioalikwa. Mchwa hula fremu ya mbao kimyakimya, kwa hiyo chagua fremu ya mabati au plastiki, yenye kitako kilichozibwa. Sisimizi na mijusi hupenda lile boksi la umeme kwa sababu lina joto. Mjusi mmoja akilala juu ya bodi anatosha kuiunguza. Panya hutafuna sponji ya kuhifadhi joto na waya. Ziba kila tundu ambalo kidole kinapita, kwa wavu wa chuma, na kagua kila unaposafisha chujio.

Hatua ya 4: Umeme

Kibao cha jakuzi kinapaswa kusomeka volti 220 hadi 240, hezi 50. Usimlipe muuzaji kabla hujakiona kwa macho. Majakuzi yaliyotumika yanayokuja na makontena kutoka Marekani ni ya hezi 60 na hutaka waya nne: mbili za moto zenye volti 120 kila moja, nyutro na ethi. Ndani yake huwa na vifaa vinavyotumia volti 120, kama vile kipulizo au pampu ndogo ya mzunguko. Fundi akilazimisha waya wetu wa moto na nyutro humo, vifaa hivyo huungua palepale. Hata pampu ya volti 240 ya hezi 60 huku kwetu huzunguka pungufu kwa moja ya sita na kupata joto kuliko ilivyokusudiwa. Saudi Arabia nako ni hezi 60, ilhali Oman na Falme za Kiarabu ni 50. Bei nafuu ya jakuzi la hezi 60 humezwa na bodi na pampu mpya.

Jakuzi la kilowati 3 za hita pamoja na pampu linahitaji laini yake peke yake kutoka kwenye boksi la breka, kwa kawaida amperi 32. Kwa umbali wa hadi mita 30, tumia waya wa milimita za mraba 6. Zaidi ya hapo, 10. Laini hiyo iwe na kifaa kinachokata umeme unapovuja, kile mafundi wanachokiita RCD, cha miliamperi 30. Kina kitufe cha majaribio. Kibonyeze kila mwezi. Swichi ya kuzimia iwe inaonekana kutoka kwenye jakuzi lakini mtu aliye majini asiweze kuifikia: mita 2 ni kiasi kizuri. Nondo ya ethi ipimwe kwa mita, maana ethi iliyofungwa kwenye bomba la plastiki ni ya jina tu. Waya wa kuunganishia wa sebuleni usitumike kabisa, hata kwa jakuzi la kupuliza.

Kama mtaa wenu una umeme mdogo jioni, lipe jambo hili uzito. Hita ya kilowati 3 kwenye volti 240 hushuka hadi kilowati 2.1 volti zikiwa 200, na pampu huanza kunguruma bila kuzunguka vizuri. Funga kilinda volti chenye uwezo wa amperi hizo, na panga lipashe moto usiku wa manane au mchana.

Hatua ya 5: Litakula kiasi gani

Fomula ya kuweka mfukoni: lita mara nyuzi unazopandisha, gawanya kwa 860, unapata uniti. Lita 1,200 kutoka nyuzi 20 hadi 38 ni uniti 25. Pwani, maji yakianzia nyuzi 27, ni uniti 15 tu. Hita ya kilowati 3 itachukua saa nane na zaidi kwa uniti 25, na ya kilowati 2 saa kumi na mbili na nusu. Kwa hiyo anayetaka kuingia saa mbili usiku aliwashe asubuhi.

Likishapata moto, jakuzi la akriliki lenye mfuniko mzuri hula uniti 4 hadi 8 kwa siku kutegemea baridi. Tuseme 6: kwa mwezi ni 180. Mteja wa TANESCO aliye kwenye kundi la D1, lile la bei nafuu kwa matumizi yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, ajue kwamba atatolewa humo, na uniti za nyumba nzima zitapanda bei, siyo za jakuzi peke yake. Kenya nako bei hupanda matumizi ya mwezi yanapovuka ngazi zilizowekwa. Ingiza hilo kwenye hesabu kabla ya kununua.

Kama mnalitumia Jumamosi na Jumapili tu, zima hita Jumatatu na uwashe Ijumaa usiku. Utatumia kama uniti 35 badala ya 42 kwa wiki. Lakini pampu ya kuchuja iendelee kwa saa mbili asubuhi na mbili jioni, na klorini isiishe. Bakteria wa Legionella, wanaoleta homa kali ya mapafu, hustawi kwenye maji ya nyuzi 25 hadi 45 yasiyo na dawa, yaani joto lilelile la jakuzi lililozimwa kizembe. Maji yakikosa dawa na mfuniko, mbu nao watataga.

Mfuniko ndio unaookoa pesa. Uwe na unene wa sentimita 10 katikati, ukishuka kuelekea pembeni ili mvua itiririke, na uwe na vifungo vya kufuli. Ukiona umekuwa mzito kuliko ulipoununua, sponji imenyonya maji na haizuii tena joto. Badilisha.

Kwa wa pwani kuna tatizo la upande wa pili: jakuzi kujipasha lenyewe. Joto la pampu likichanganyika na jua na mfuniko, maji ya nyuzi 38 yanaweza kufika 40 bila hita kuwaka. Weka kivuli cha makuti au turubai, punguza saa za kuchuja mchana, na pendelea modeli yenye pampu ndogo ya mzunguko isiyotoa joto jingi.

Hatua ya 6: Siku ya kwenda dukani

Nenda na wale watakaolitumia. Vueni viatu, ingieni likiwa kavu, kaeni kila kiti. Mtu mfupi akikaa na maji yakamfika kidevuni, ataelea na hatafaidi jeti yoyote. "Watu 6" kwenye katalogi mara nyingi ni watu wazima wanne wenye magoti. Kisha mwambie muuzaji alijaze na kuliwasha. Fungua jeti zote kwa pamoja na uweke kiganja mbele ya ile iliyo mbali kabisa na pampu. Ikiwa inapapasa tu, jeti 50 hizo ni pambo. Jeti 20 zenye pampu ya kutosha zinakanda vizuri zaidi.

Fungua kabati. Hapa ndipo tunapotilia mkazo kuliko kwingine kote. Majakuzi mengine yamemwagiwa sponji ngumu ndani nzima hadi mabomba hayaonekani. Yanatunza joto vizuri, lakini bomba likivuja fundi anachimba sponji kama mtafuta dhahabu. Mengine yana sponji kwenye kuta za kabati tu na mabomba yako wazi. Kwa nchi zetu, ambako baridi si ya theluji na mafundi wa kazi hii ni wachache, chukua la pili. Utapoteza uniti moja mbili, utapata kitu kinachotengenezeka.

Soma jina kwenye bodi ya umeme. Bodi za Balboa na Gecko zinatumika na watengenezaji wengi duniani, hivyo vipuri na michoro yake hupatikana. Bodi isiyo na jina ikiungua, jakuzi zima limekufa. Angalia kama pampu ina valvu pande zote mbili. Bila hizo, kubadilisha sili kunamaanisha kumwaga maji yote. Kagua pia mahali maji yanaponyonywa. Ziwe sehemu mbili au zaidi, zenye vifuniko vya kuba vilivyofungwa kwa skrubu. Mwaka 2002 msichana wa miaka 7 nchini Marekani, Virginia Graeme Baker, alinaswa na mkondo wa jakuzi akazama, na mwaka 2007 ikapitishwa sheria yenye jina lake kuhusu vifuniko hivyo. Kifuniko kikipasuka, hakuna kuingia hadi kibadilishwe.

Siku hiyohiyo nunua chujio la akiba, sili ya pampu na koili ya hita ya modeli yako. Kuviagiza baadaye kwa haraka hugharimu zaidi, na maji yatakuwa yanaharibika ukisubiri.

Hatua ya 7: Kujaza na kutia dawa

Ingiza mpira wa maji kwenye tundu la chujio, si juu ya viti. Maji yakianzia huko husukuma hewa itoke kwenye pampu. Ukiwasha na pampu ikanguruma bila maji kusogea, kuna hewa ndani: zima umeme, legeza nati kubwa ya juu ya pampu robo mzunguko, acha hewa ifuke hadi maji yaanze kudondoka, kaza.

Kisha pima na urekebishe kwa mpangilio huu. Kwanza ualkali, yaani uwezo wa maji kuzuia pH isiyumbe, uwe miligramu 80 hadi 120 kwa lita. Ukiwa chini, gramu 17 za bikabonati ya soda, ileile ya kuokea, hupandisha miligramu 10 katika lita 1,000. Pili pH yenyewe, kipimo cha uasidi wa maji, iwe 7.2 hadi 7.8. Klorini iwe ya mwisho, na isishuke chini ya miligramu 3 kwa lita. Kwa klorini ya chembechembe iitwayo daikloro, ile ya asilimia 56, gramu 5 na nusu katika lita 1,000 zinatosha kufikia hapo. Ukianza na klorini huku pH iko 8, sehemu kubwa yake haitafanya kazi.

Vile vidonge vikubwa vya klorini vya bwawa visiingie kwenye jakuzi. Vinashusha pH na kubabua akriliki mahali vinapotua. Kamwe usichanganye klorini za aina mbili, hata kwa kutumia kijiko kimoja, zinaweza kulipuka. Na dawa ndiyo itiwe kwenye ndoo ya maji, maji yasimiminwe juu ya dawa.

Kila anayeingia aoge kwanza kwa sabuni na ajisuuze. Losheni, mafuta ya nazi, liwa, singo, mafuta ya nywele: vyote hula klorini na kuziba chujio. Chujio lioshwe kwa mpira kila wiki na lilowekwe kwenye dawa yake kila mwezi.

Joto liwe nyuzi 37 au 38, lisizidi 40. Dakika 15 zinatosha. Watoto chini ya miaka 5 wasiingie. Mjamzito, na mwenye ugonjwa wa moyo au anayetumia dawa za presha, amuulize daktari kwanza. Aliyekunywa pombe asubiri kesho.

Likikorofisha

Maandishi LF au FLO kwenye kioo yanamaanisha maji hayapiti vya kutosha kwenye hita. Toa chujio uwashe bila hilo. Yakitoweka, chujio ni chafu. Yakibaki, maji yamepungua au kuna hewa kwenye pampu. OH ni joto kupita kiasi: fungua mfuniko, usiingie.

Breka ikijikata kila hita inapowaka, koili imetoboka. Fundi aitenganishe hita na bodi. Vingine vikifanya kazi, umempata mhalifu. Usikubali aondoe RCD ili "jakuzi liwake".

Povu lisiloisha ni sabuni au losheni, na maji ya ukungu ni klorini iliyoisha au chujio lililochoka. Kabla ya kubadilisha maji, tia dawa ya kusafisha mabomba na uizungushe kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Vipande vyeusi au vya kijani vinavyotoka ni utelezi uliokuwa umejificha ndani.

Kina kikishuka zaidi ya sentimita 2 kwa wiki na mfuniko ukiwa umefungwa, kuna uvujaji. Bandika utepe usawa wa maji. Yakishuka pampu ikiwa inazunguka tu, tafuta upande wa kusukuma, kuanzia kwenye pampu kwenda kwenye jeti. Yakishuka hata umeme ukiwa umezimwa, yaache yashuke yenyewe. Pale yatakaposimama, uvujaji uko kwenye jeti au kiungio kilicho usawa huohuo.